Gwaride la Majina Elfu Kumi na Tisa

Afande alitaka kila jina lipige saluti. Hakusema kwa maneno hayo, lakini ndivyo programu yake ilivyofanya kazi, na kazi yangu mimi ilikuwa kuketi mbele yake nikitazama.

Ofisi ilikuwa Bugolobi, Kampala, ghorofa ya pili, katika mojawapo ya zile fleti ambazo nusu wanaishi watu na nusu zinaishi ofisi, kiasi kwamba ukienda msalani unapita katikati ya nepi zilizoanikwa. Lilikuwa shirika dogo la kuwasaidia wenye matatizo ya macho, na mkurugenzi wake alikuwa mwanajeshi mstaafu. Kila mtu alimwita Afande, hata mama wa chai, hata wageni wa kutoka nje ambao nadhani waliamini ndilo jina alilobatizwa. Alivaa suti nzito siku za joto, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, ambacho hakijawahi kukutana na neno tafadhali.

Mimi nilifika pale kama ninavyofika kila mahali, nikiwa natafuta kitu kingine. Niliacha shule kidato cha pili, Busia upande wa Kenya. Shule haikunishinda, ilinichosha kwa kunijibu maswali ambayo sikuwa nimeyauliza. Tangu hapo nimeuza betri, nimepaka rangi mabango ya makanisa, nimepakua magunia bandarini kule Luzira, na nimekaa miezi minne na fundi redio aliyenifukuza kwa kosa la kufungua redio nzima nione kinachozifanya zisiharibike. Shirika lilinichukua nibebe makasha ya kadi. Kadi zilijazwa kwa mkono kwenye viwanja vya makanisa, kutoka Bwaise hadi kando ya ziwa, kila kadi mtu mmoja na macho yake, na zile za uwanja wetu Bwaise nilizijaza mimi. Wachapaji walipozidiwa nikapewa nami kompyuta. Nikachapa kwa vidole viwili mpaka kadi zikaisha, na kwa kuwa sikuondoka, nikaonekana mfanyakazi.

Sasa majina yote yalikuwa kwenye jedwali moja refu la kompyuta, watu elfu kumi na tisa mia mbili na kumi na wawili. Kilichobaki ni kuyaingiza kwenye hifadhidata ya tovuti ya shirika, ambako madaktari wangeyasoma. Madaktari hao walikuwa wanakuja kupima macho na kufanya upasuaji bure kwenye hospitali moja Luzira, kuanzia Ijumaa, kwa majuma mawili. Wangechukua orodha Alhamisi saa sita mchana. Aliyekuwa ndani ya mfumo saa hiyo angepangiwa siku na kutumiwa ujumbe. Ambaye hakuwamo angengoja mwaka ujao, kama kungekuwa na mwaka ujao wa namna hiyo.

Mtu niliyemjua miongoni mwa hao elfu kumi na tisa alikuwa Mama, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta huko Bwaise. Alitoka Kongo, upande wa mashariki, akiwa na furushi la vitenge, na mpaka wakati huo vitenge ndivyo alivyokuwa akitembeza nyumba kwa nyumba. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshafunga kazi. La kulia lilikuwa na ukungu kama chai iliyozidishwa maziwa, na yeye mwenyewe alikuwa amelikadiria: litamfikisha Krismasi. Alikuwa ameanza kuwauliza wateja rangi ya kitenge anachowauzia, jambo ambalo si zuri kwa biashara. Jioni alinipa sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, na ugali bila kuniuliza kama nimekula, na nilikuwa nimemwahidi kwamba madaktari wataliona jina lake, kwa sababu kadi yake nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu.

Jumatatu saa tatu asubuhi tulianza. Afande aliwakusanya wafanyakazi wote mbele ya ukuta mweupe, projekta ikawashwa, na jina la kwanza likatokea kwa herufi kubwa. Likasimama. Kisha alama ya kijani ikatokea pembeni yake, kompyuta ikalia ting, na jina la pili likaingia. Mama wa chai alipiga makofi. Aliyapigia makofi majina kama kumi hivi, halafu akakumbuka ana birika jikoni. Mara kwa mara alama ilitokea nyekundu, na Afande akaliandika jina hilo daftarini, la kushughulikiwa mwishoni.

Mimi nikatoa simu na kuhesabu. Majina kumi na tano kwa dakika. Nikafanya hesabu nyuma ya bahasha: saa ishirini na moja na zaidi kidogo, iwapo hakitakatika kitu. Na huu ni mji ambao kitu hukatika.

Nilitaka kujua kwa nini ni polepole namna ile, nikaenda kukaa karibu na aliyeitengeneza programu. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa hapa hapa Kampala, aliyemaliza chuo kikuu, na ofisi nzima ilimwita Injinia. Alinieleza bila kuondoa macho kwenye kioo. Fikiria askari wa getini. Anakuja mgeni, askari anamfungulia, wanasalimiana, habari za nyumbani, habari za kazi, anaandikwa kitabuni, anapekuliwa kama hakuja jana, anaingia, geti linafungwa na kufuli. Ndipo anapogongewa na mgeni wa pili, aliyekuwa amesimama nyuma ya yule wa kwanza muda wote huo. Kwa kila jina moja programu ilifungua mlango wa hifadhidata, ikauliza kama mtu huyu yupo, ikamwandika, ikathibitisha, ikapanga upya orodha zote, ikafunga mlango, ikaenda kumwonyesha ukutani.

Hapo nikaona nafasi yangu ya kung'aa. Nikamwambia kwamba bandarini hatukuwahi kusainisha gunia moja moja. Lori zima lilikuwa na karatasi moja. Kwa nini wasiingie elfu kwa mpigo?

Alinigeukia kwa mara ya kwanza. "Banange, Profesa, unafikiri mimi sijui? Hii wanafundisha mwaka ya kwanza."

"Basi kwa nini haifanyiki?"

"Enda uulize Afande. Mimi niliuliza mara tatu. Mara ya tatu alisema nipige kwata."

Kumbe Afande alikuwa ameagiza mwenyewe, kwa barua yenye mhuri, kwamba hakuna mtu atakayeingia kwenye mfumo bila kuonekana na bila kuhesabiwa. Katika utumishi wake alikuwa ameona sana askari hewa, wale wanaokula chakula wakiwa hawajazaliwa, na aliapa kwamba shirika lake halitakuwa na mgonjwa hewa. Kwa sababu hiyo hiyo alikuwa ameweka sheria nyingine ndani ya hifadhidata: namba moja ya simu, mtu mmoja. Wakati huo sikuitilia maanani sheria hiyo. Ilisikika kama akili.

Saa tisa alasiri umeme ukakatika tukiwa tumepitisha watu elfu tano na mia nne. Ofisi ilikuwa na betri ya dharura, lakini kwa amri ilikuwa imeunganishwa na projekta, si na intaneti. Kwa hiyo jina la mwisho lilibaki liking'aa ukutani, mzee wa watu kutoka Luzira, akingoja alama yake ya kijani kwa saa mbili, na sisi tukimtazama.

Injinia alitaka kuendelea kutoka pale tulipofikia. Afande akakataa, gwaride likivunjika huanza upya. Tukataka basi kompyuta ifanye kazi usiku kucha. Akakataa pia, gwaride haliendeshwi gizani bila mashahidi. Majina elfu tano na mia nne yakafutwa. Jumanne tukaanza na jina la kwanza tena, saa mbili asubuhi, safari hii bila makofi. Tulipofika elfu nane, jioni, seva ya huko nje ilituchoka ikakata mawasiliano yenyewe. Injinia aliweka kichwa juu ya meza. Nilirudi Bwaise na Mama akaniuliza kama jina lake limeingia, nikamwambia kesho.

Usiniulize ujasiri niliupata wapi. Jumatano asubuhi niliingia kwa Afande kabla ya wengine, nikasimama wima kama nilivyoona watu wakisimama, nikamwomba ruhusa ya kuuliza swali kuhusu jeshi. Alifurahi. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Afande, siku ya sherehe ya taifa, askari wanaingia uwanjani mmoja mmoja?"

Alinitazama kutoka juu hadi viatu. "Wewe ulikuwa kikosi gani?"

"Nilikuwa nje ya uzio, Afande. Natazama."

"Inaingia kikosi kizima. Mbele kamanda. Kamanda ndiye anapiga saluti kwa niaba ya wote." Niliona wazo likitembea usoni mwake, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mwendo wa pole. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaita kwa sauti ya uwanjani: "Injinia. Kuanzia sasa, vikosi. Elfu moja kila kikosi."

Kufikia saa nne lilikuwa wazo lake. Kufikia saa tano alikuwa ameshawapigia simu wageni waje saa tisa kuliona likitekelezwa.

Injinia aliandika upya sehemu ile kwa muda ulionichukua mimi kula rolex moja, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili. Mlango ungefunguliwa mara moja tu, majina elfu yangeingia kwa pamoja, yangethibitishwa kwa pamoja. Aliondoa pia faharasa kwa muda, yaani zile orodha zilizokuwa zikipangwa upya. Hili lilinipendeza zaidi kuliko yote. Mfumo ulikuwa na orodha zilizopangwa kwa jina, kwa mtaa na kwa simu, ili utafutaji uwe wa haraka, na kila jina jipya lilipoingia orodha zote zilipangwa upya, kama karani anayepanga kabati lote la mafaili kila apokeapo karatasi. Afadhali karatasi zote ziwekwe mezani kwanza, kabati lipangwe mara moja mwishoni. Ila ile ya simu aliiacha, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikilinda sheria ya Afande.

Saa saba tukajaribu. Kikosi cha kwanza kilikwenda, kikarudi kizima. Hakuna hata mmoja aliyeingia. Injinia akanieleza kwamba ndiyo tabia ya kuingia kwa mpigo: wote au hakuna. Mtu mmoja kati ya elfu akivunja sheria, elfu nzima inarudishwa getini. Kulikuwa na namba ya simu iliyojirudia. Akamtoa mtu huyo, akajaribu tena. Kikosi kikarudishwa na mwingine. Akamtoa. Mwingine. Saa nane ikapita. Wageni walikuwa njiani.

Mimi, kwa udadisi wangu uliolaaniwa na fundi redio, nilikuwa nasoma mambo ya hifadhidata kwenye simu, na nikakuta kifungu kidogo, maneno matatu manne tu, ambayo ukiyaongeza mwishoni mwa amri yanasema: akigongana na mwingine, mwache, endelea. Nikamwonyesha.

Alikifahamu. Alikisoma mara mbili hata hivyo. "Na hao tunaacha?"

"Tutawatazama baadaye," nikasema. Nilisema vile mtu anavyosema atafagia baadaye.

Akakiongeza.

Saa tisa na nusu wageni waliketi, projekta ikawashwa, na ukutani ikaandikwa Kikosi cha Kwanza, ting, kimeingia. Kikosi cha Pili, ting. Vikosi kumi na tisa na mabaki vilipita kwa dakika tatu na sekunde hamsini na mbili. Wageni walipiga makofi ya kweli. Mama wa chai alitoka jikoni na birika lake. Afande alisimama akaupigia ukuta saluti, na nusura nimpigie yeye. Kabla chai haijapoa alikuwa ameamuru ripoti itumwe kwa wafadhili: kazi ya saa ishirini na moja imefanywa kwa dakika nne. Akanishika bega mbele ya wageni na kuwaambia kwamba huyu hana cheti hata kimoja, kwa sauti ya mtu anayeonyesha mbuzi aliyemfuga mwenyewe. Njiani kurudi nilimweleza dereva wa bodaboda habari za faharasa, kutoka Bugolobi hadi Bwaise. Aliniambia niteremke taratibu.

Mama alikuwa ameketi mlangoni akikunja vitenge kwa kupapasa upindo. Jua lilikuwa bado lipo. Aliijua hatua yangu.

"Bataniita siku gani?" akauliza.

Nikamwambia amwone fundi mwenyewe anavyofanya, nikafungua tovuti kwenye simu, nikaandika jina lake. Hakuna. Nikaliandika upya. Hakuna. Nikaandika namba ya kadi yake, ambayo niliijua kwa kichwa. Tovuti ilijibu upesi sana, kwa sababu faharasa zilikuwa zimepangwa vizuri, kwamba mtu huyo hayupo.

"Haiko?"

"Mtandao unasumbua, Mama."

"Mutandao inasumbuaka tu kama ni jina yangu," akasema, akaendelea kukunja.

Nilisimama pale na simu mkononi. Kisha nikageuka nikamwona kinyozi wa uwanja wetu, kijana mcheshi mwenye kibanda cha mabati mbele ya nyumba zetu, akimnyoa mtu huku simu kumi na mbili za watu zikichajiwa kwenye rafu nyuma yake. Nikaelewa yote kwa mara moja.

Siku ya kuandikisha, kwenye kiwanja cha kanisa, kadi ilikuwa na sehemu ya namba ya simu. Watu wa uwanja wetu simu zao huwa zimezimika, au zimeuzwa, au ziko kwa mtoto aliye mbali. Simu pekee isiyozimika ni ya kinyozi, kwa kuwa umeme ni wake. Akasema, kwa roho safi kabisa, andikeni yangu, mimi nitawaita. Wote wakatoa namba yake. Mimi ndiye niliyeiandika, kadi baada ya kadi, nikifurahi kwamba naweza kuiandika bila kuuliza. Yeye mwenyewe alikuwa amejiandikisha wa kwanza, akiwa na macho makali kama ya kunguru, asije akakosa kitu kinachogawiwa. Kwa hiyo katika uwanja wetu mzima mwenye namba alikuwa mmoja, na huyo ndiye aliyeingia. Wengine waligongana naye, wakaachwa, kikosi kikaendelea.

Alhamisi nilikuwa mlangoni mwa ofisi kabla ya askari kufungua kufuli. Injinia alipofika sikumsalimia, nilimwomba ahesabu. Jedwali letu lilikuwa na watu elfu kumi na tisa mia mbili na kumi na wawili. Hifadhidata ilikuwa na elfu kumi na sita mia nne sabini na mmoja. Inaonekana kila kanisa lilikuwa na kinyozi wake: hapa mchungaji, pale mwenye duka, kwingine mama mwenye simu nzuri.

"Nilikuuliza," Injinia akasema.

"Uliniuliza."

Tulikwenda pamoja kwa Afande. Alikuwa anaandika kwa mkono barua ya pili kuhusu dakika nne. Nilimwambia kwamba kuna watu hawakuingia, na kwamba kifungu kilichowaacha nilikileta mimi.

"Wangapi?"

"Elfu mbili mia saba na kitu, Afande."

"Na kitu ni wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

Aliweka kalamu chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nilijua kelele za watu wazima tangu kidato cha pili. Hazikuja. Alikaa akiitazama barua yake, na kwa mara ya kwanza suti ile ilionekana kubwa kwake.

"Jana nimeripoti kikosi kamili," akasema. "Mbele ya wageni."

Nadhani hakuna hata mmoja wetu aliyejua uzito wa jambo hilo kwa mtu wa kazi yake. Maisha yake yote alikuwa akiwawinda watu waliohesabiwa wakiwa hawapo, na sasa alikuwa na watu waliokuwapo wasiohesabiwa. Na sheria iliyowatoa aliiandika yeye, na niseme ukweli ambao haunipendezi: lile gwaride lake la kipuuzi, la jina moja moja, lingemsimamisha kila mmoja wao ukutani na alama nyekundu, tukamwona. Haraka yangu ndiyo iliyowapitisha kimya.

Injinia akamwambia kwamba sheria ya simu ingeweza kuondolewa, namba ya kadi ikachukua nafasi yake, na wote wakaingizwa upya tangu mwanzo, kila kikosi kikihesabiwa kabla na baada. Afande akauliza itachukua muda gani. Dakika kumi na moja, akajibu, pamoja na kuhesabu.

"Ripoti imesema nne."

"Ndiyo, Afande."

"Hizo nne zilikuwa kweli?"

Injinia alifikiri. "Kwa wale walipita, Afande."

"Basi. Ingizeni watu wote. Ripoti ibaki nne." Akaipasua ile barua ya pili vipande vinne, akavitia mfukoni mwa koti badala ya kwenye pipa.

Tuliwaingiza bila projekta. Afande alikuja mwenyewe akasimama nyuma yetu, mikono mgongoni, na baada ya kila kikosi nilimsomea kwa sauti: walioondoka elfu moja, waliofika elfu moja. Naye akajibu kila mara, sawa. Kikosi cha kumi na tatu kilirudi, kadi ya mtu mmoja ilikuwa imechapwa mara mbili. Nakala ya pili ikatolewa kwa mkono, ikaandikwa kwenye karatasi pembeni na sababu yake. Yote pamoja na usumbufu huo ilikuwa dakika kumi na nne. Saa tano na nusu madaktari waliipata orodha mpya, na karani wao mmoja hospitalini akapiga simu kulalamika kwamba imekuwa ndefu kuliko aliyoichungulia jana.

Tulichosahau ni ujumbe. Kuingiza tulikuwa tumeharakisha. Kutuma hakuna aliyekugusa, kwa hiyo ujumbe uliondoka kwa mtindo wa zamani, mmoja, halafu mwingine. Kinyozi wetu alinisimulia baadaye. Simu yake ilianza kulia saa nane akiwa na kichwa cha mteja mkononi, na ikalia mara sitini na tatu. Mara ya ishirini alimwacha mteja na nywele za upande mmoja, akatoka nje na kuanza kuita majina kama karani wa mahakama, wewe Jumanne, wewe Ijumaa, wewe uko wapi, na watu wakakusanyika, na mteja naye akatoka na taulo shingoni kusikiliza, kwa kuwa mama yake mzazi alikuwa mmojawapo. Mama wa vitenge alikuwa wa arobaini na kitu. Ijumaa, saa tatu asubuhi, Luzira. Mama alimfanya kinyozi aurudie ujumbe mara tatu, na mara ya tatu akamtaka aape.

Nilimsindikiza. Nesi aliyekuwa mlangoni alitafuta namba ya kadi, akaipata, akasema ingia, na ni hayo tu. Nilikuwa nimebeba hofu yote hiyo kutoka Bwaise kwa ajili ya neno moja. Jumamosi walimfungua bandeji ya jicho la kushoto, lile lililokuwa limefunga kazi, na Jumapili baada ya ibada nikamkuta ameketi mlangoni amevaa miwani myeusi ya hospitali, anatazama uwanja mzima kama mwenye nyumba aliyerudi akakuta wapangaji wapya.

Alinitazama nami kwa muda.

"Njo wewe?" akasema. "Nilizania uko mutu mukubwa."

Nikamwambia nilikuwa mkubwa, nimekonda kwa mawazo. Akaniambia nimletee ile simu, anataka kuona kwa jicho lake mwenyewe mahali jina lake lilipokaa. Nikafungua tovuti nikamwekea mbele. Alivua miwani, akafunga jicho la kulia kwa kiganja, akasoma polepole, kidole kikifuata mistari. Jina, sawa. Mtaa, sawa. Simu ya kinyozi, akaguna. Halafu kidole kikasimama.

"Nani alikuambia mimi nilizaliwa tarehe moja, mwezi wa kwanza?"

Ilinibidi nimweleze. Kwenye kadi nyingi sehemu ya siku ya kuzaliwa ilikuwa na mwaka tu, na mfumo haukukubali mwaka mtupu. Wachapaji wote tulifanya vivyo hivyo. Karibu uwanja mzima ulikuwa umezaliwa siku ya mwaka mpya, yeye na kinyozi na wote.

"Badirisha," akasema.

Nilipiga simu kwa Injinia, ambaye alikuwa kanisani bado, akaninong'oneza jinsi ya kulifungua jina moja peke yake nikalirekebisha. Mlango ukafunguliwa, nikasalimiwa, nikaulizwa ni nani. Nikamgeukia Mama, kidole juu ya simu, nikamuuliza basi alizaliwa lini.

"Sijue," akasema. "Lakini hapana siku ile."